Binti wa miaka 9, kuku wa kisasa na sato wa vizimba: homoni kwenye chakula ziko wapi hasa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buhongwa hapa Mwanza, nalifupisha: "Binti yangu katimiza miaka 9 na ameanza kuota matiti. Majirani wananiambia ni kuku wa kisasa na mayai, wengine wanasema sato wa vizimba wanalishwa homoni. Nimeacha kununua vyote, saivi ni dagaa na maharage tu. Mdogo wangu naye yuko hapa kwangu, ana mimba ya miezi minne na anafanya vibarua kwenye mashamba ya nyanya huko Kisesa. Je nimefanya sahihi? Na ni chakula gani kingine chenye hizi kemikali za kuvuruga homoni?"

Dada, tuanze na mtoto kabla ya chakula maana naona roho yako iko juu. Mtoto wa kike kuanza kuota matiti popote kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida, kwahiyo wa miaka 9 yuko ndani ya kawaida kabisa, mapema kidogo lakini ndani. Angekuwa hajafika miaka 8 ningekwambia leo hii nenda hospitali. Kwa huyu wako angalia mambo machache: kama anarefuka kwa kasi ya ajabu, kama anapata hedhi ndani ya miezi michache tu tangu matiti yaanze, kama analalamika kichwa kila mara au macho hayaoni vizuri, hapo usisubiri, mpeleke kwa daktari wa watoto, anzia hospitali ya Sekou Toure au Bugando, watampima na huenda wakampiga eksirei ya mkono wa kushoto kuona mifupa yake ina umri gani. Na chunguza ndani ya nyumba, kuna mafuta au krimu za homoni ambazo mama anapaka na mtoto anazigusa, kuna vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango, vimeachwa mezani, hivyo vinaleta shida kweli na huwa watu hawavitaji. Uzito pia. Mtoto mwenye mafuta mengi mwilini hubalehe mapema kwa sababu mafuta yenyewe yanatengeneza estrojeni, yaani homoni ya kike, na yanautaarifu ubongo kwamba mwili uko tayari, na chips za kila jioni na soda zinachangia hapo kuliko paja la kuku.

Halafu ujue hili jambo sio la Mwanza peke yake. Watafiti walikusanya takwimu za nchi mbalimbali kuanzia 1977 mpaka 2013 wakaona umri wa wasichana kuanza kuota matiti unashuka kama miezi 3 kwa kila miaka 10. Uzito unaelezea sehemu yake, na kemikali zinashukiwa kwa sehemu, ndio maana swali lako ni la maana sana, ila umeelekezwa kwenye chakula ambacho sicho.

Kuku kwanza. Hii stori haikuzuka hewani. Miaka ya 1940 na 1950 kule Marekani walikuwa wanapandikiza kidonge cha homoni ya kike ya kutengenezwa maabara, inaitwa DES, kwenye shingo ya jogoo ili anenepe na nyama iwe laini, ikaja kupigwa marufuku kwa kuku mwaka 1959. Stori ikabaki inatembea, dawa yenyewe ikaisha. Broila wa leo, yaani kuku wa kisasa wa nyama, anakua kwa wiki 5 au 6 kwa sababu ya mbegu, ni miongo ya kuchagua na kuchagua vizazi vinavyokua haraka, pamoja na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini, ukimlishia kuku inameng'enywa tumboni kama protini nyingine, ingebidi umchome sindano mmoja mmoja tena mara nyingi, sasa niambie mfugaji wa Nyakato mwenye kuku 500 na faida ya kuhesabu kwa shilingi atafanyaje hilo. Vidonge vya majira navyo havimkuzi kuku. Shida halisi ya kuku wetu ni antibayotiki, wengine wanampa dawa leo na kesho wanamuuza bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti, hilo ni tatizo kubwa la usugu wa dawa lakini halioteshi mtoto matiti. Kwahiyo kuku na mayai rudisha nyumbani, mtoto anayekua anavihitaji.

Sasa kwenye sato majirani zako wamegusa kitu cha kweli, ila wamekichukua nusu. Ndio, vifaranga wengi wa sato wanaopandwa kwenye vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki ziwani, wanapewa homoni, inaitwa methili-testosteroni, ni aina ya homoni ya kiume. Sababu ni kwamba sato dume anakua haraka kuliko jike, na ukiwachanganya wanazaana humo humo unabaki na visamaki vingi vidogo visivyouzika, kwahiyo kwenye kituo cha kutotolesha kifaranga anapoanza tu kula anapewa chakula kilichochanganywa na hiyo homoni, kiwango cha kawaida ni miligramu 60 kwa kilo moja ya chakula, kwa wiki 3 mpaka 4, basi karibu wote wanakuwa madume. Wakati huo kifaranga hajafika hata gramu moja. Baada ya hapo anaingia kizimbani anakula chakula cha kawaida miezi sita au zaidi mpaka afike saizi ya sahani. Homoni yenyewe inatoka mwilini mwake ndani ya siku hadi wiki chache, na anakuja kuongezeka uzito mara mamia, sasa kwenye huyo sato unayemkuta sokoni hamna kitu cha kumfikia binti yako. Mleni tu.

Mimi kwa sato sina wasiwasi na mlaji, nina wasiwasi na mfanyakazi. Ile homoni inakuja kama unga, inayeyushwa kwenye spiriti na kuchanganywa na chakula, na mara nyingi anayechanganya ni kijana mikono mitupu bila barakoa, au mama mwenye mimba anasaidia. Testosteroni ile inapita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Mwenye kituo chochote cha vifaranga huku kanda ya ziwa anayesoma hapa tafadhali nunua glavu na barakoa, mjamzito asikaribie kabisa hiyo kazi, na maji ya mabwawa ya vifaranga yasimwagwe moja kwa moja ziwani.

Tuje kwenye kuvuruga homoni sasa, maana bila kuelewa hapa mtu ataogopa kila kitu. Homoni zinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno, estrojeni kwenye damu inapimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja igawanywe mara trilioni. Kwenye seli kuna vipokezi vinavyosubiri homoni ifike vianze kazi, na kuna kemikali zenye umbo linalokaribiana na homoni zinakaa kwenye kipokezi kile kile, aidha zinawasha kazi wakati sio wake au zinaziba homoni halisi isipite, na nyingine zinavuruga tezi inayotengeneza homoni yenyewe. Kwahiyo ule usemi wetu wa "kidogo hakidhuru" hapa sio salama kuutegemea, na kikubwa zaidi ni wakati. Kemikali ile ile mtu mzima anaikojoa na maisha yanaendelea, lakini ikimkuta mtoto tumboni wiki ambazo ubongo au viungo vya uzazi vinaumbwa, alama inabaki ya maisha.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni hiyo hiyo DES ya kuku. Binadamu nao walipewa, wajawazito kwa maelfu kuanzia miaka ya 1940 wakidhani inazuia mimba kutoka. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaeleza kuhusu mabinti 8 wenye saratani ya uke ya aina adimu sana, na 7 kati yao mama zao walitumia DES wakiwa na mimba zao. Akina mama wenyewe walijifungua salama, watoto walizaliwa wazima, ugonjwa ukaja kutokea miaka 15, 20 baadae. Ndio maana nikisikia mtu anasema "mbona tumekula hivyo miaka yote na hatujafa" nasikitika sana, kwa sababu madhara ya hivi vitu hayaji kwa mtindo wa kuharisha kesho yake.

Haya, ziko wapi kwenye chakula chetu. La kwanza, na kwangu ndio la kwanza kweli kweli kwa Mwanza, ni plastiki ikikutana na moto na mafuta. Pita asubuhi Buzuruga au Mabatini uangalie: chai ya maziwa inayochemka inamiminwa kwenye kifuko cha nailoni, supu ya sangara ya moto kwenye kifuko, uji wa mtoto kwenye kifuko, chips zimetoka kwenye mafuta sekunde hiyo hiyo zinatiwa kwenye mfuko. Mama ntilie anafunika sufuria ya wali kwa nailoni ili uive haraka na mvuke ule unadondoka unarudi kwenye wali. Mifuko ya kubebea tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 lakini vifuko hivi vyembamba bado vipo kila kona. Ndani ya plastiki kuna vitu viwili nataka uvijue kwa jina. Ftaleti, hizi zinawekwa ili plastiki iwe laini, hazijashikamana nayo kwahiyo zinatoka kirahisi na zinapenda mafuta, na kazi yake mbaya ni kupunguza nguvu ya homoni za kiume, anayehofiwa hapa ni mtoto wa kiume aliye tumboni. Ya pili ni bisfenoli A, wengi wanaiita BPA, iko kwenye plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, yale madumu makubwa ya maji ya lita 18.9 ya ofisini mengi ni ya hiyo, na iko kwenye utando wa ndani ya makopo ya chakula. BPA inaiga estrojeni, hilo lilijulikana tangu miaka ya 1930. Ulaya waliitoa kwenye chupa za watoto mwaka 2011, halafu 2023 wataalamu wao wa usalama wa chakula wakashusha kiwango cha kuvumilika kwa siku mara 20,000 kutoka kilichokuwepo, sijawahi kuona kiwango cha kitu cha chakula kikishushwa hivyo.

Lakini kuna habari njema hapa na watu hawaambiwi. BPA na ftaleti hazikai mwilini, zinatoka kwa mkojo ndani ya saa au siku. Marekani mwaka 2011 walichukua familia 5, wakawalisha siku 3 chakula kibichi kilichopikwa bila kopo wala plastiki, BPA kwenye mkojo ikashuka kwa zaidi ya nusu. Siku tatu tu. Kwahiyo wewe beba hotpoti la chuma au kibakuli cha bati ukienda kununua supu, wali ufunikwe kwa mfuniko wa sufuria, uji wa mtoto kwenye kikombe cha chuma au kauri, dumu la maji lisikae juani. Na usidanganyike na chupa iliyoandikwa haina BPA ukaitia maji yanayochemka, mara nyingi wameweka ndugu yake BPS yenye tabia zinazofanana. Kitu cha moto na chenye mafuta kisiguse plastiki, ukishika hilo moja umemaliza sehemu kubwa.

La pili ni nyanya. Zile zinazofika sokoni zina unga mweupeweupe umekauka kwenye kikonyo, wengine wanaona ndio nyanya imetunzwa vizuri. Ule ni dawa ya ukungu, mara nyingi mankozebu, na ukiuona bado upo inawezekana imepigwa dawa karibu sana na kuchumwa, kuna wakulima wanapulizia leo kesho wanavuna ili isioze njiani. Mankozebu ikivunjika inatoa kitu kinaitwa ETU na hicho kinaigonga tezi ya shingo, ile ya thairoidi, ambayo kwa mjamzito ndio inajenga ubongo wa mtoto. Ulaya waliacha kuiruhusu mwishoni mwa 2020 kwa sababu hizo hizo za uzazi na homoni. Na hapa sikiliza vizuri: joto la kupika haliiui, joto ndilo linaigeuza mankozebu kuwa ETU. Kwahiyo yule anayesema "si inachemka" anakosea, unatakiwa kuiondoa kabla ya jiko. Osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono, moja moja, toa kikonyo, na ikiwezekana ichovye kwenye maji ya moto dakika moja uimenye ganda, hayo maji uyamwage. Nyanya ya kachumbari hasa, maana ile inaliwa na ganda lake. Mchicha na chainizi vivyo hivyo, jani kwa jani.

La tatu litakushangaza, ni mahindi. Kuna kuvu anaota kwenye hindi shambani mvua ikizidi wakati wa kukomaa, utaona punje zina rangi ya pinki au zimefifia, anatoa sumu inaitwa ziralenoni na hiyo sumu inafanya kazi ya estrojeni kabisa, haina kiwanda wala plastiki. Wafugaji wa nguruwe wanaijua hata kama hawajui jina, nguruwe jike mdogo ambaye hajafika umri anavimba sehemu zake za siri kama yuko kwenye joto, ukiangalia chakula chake unakuta pumba za mahindi yaliyovunda. Wengi wakisikia sumu ya mahindi wanakumbuka sumukuvu ya 2016 Dodoma na Manyara iliyoua watu, ile ni nyingine, inaua ini. Hii haiui, inavuruga tu kimya kimya, na kupika ugali hakuimalizi. Chambua mahindi kabla ya kusaga, punje mbovu usiwape kuku wala usitie kwenye pombe, zitupe. Sembe iliyokobolewa ina sumu ndogo kuliko dona kwa sababu kuvu nyingi ziko kwenye ganda, najua dona ina lishe zaidi na mimi naipenda dona, ila dona iwe ya mahindi uliyoyachambua mwenyewe. Na unga wa lishe wa mtoto wenye michanganyiko kumi usinunue kwa mtu ambaye hukuyaona mahindi wala karanga zake. Soya iliyomo kwenye unga huo usiiogope, kwa kiasi cha chakula haina neno.

Ziwa nalo lina historia yake. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu kuvua kwa sumu, walikuwa wanamwaga dawa za pamba majini, thiodani ikiwemo, ambayo kitaalamu ni endosulfani. Endosulfani inakaa kwenye mafuta ya samaki na inavuruga homoni, mwaka 2011 iliingizwa kwenye mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani. Viwanda vya minofu vinapimwa, mwalo wa kijijini, pale mitumbwi inaposhusha samaki, haupimwi, kwahiyo samaki anayeuzwa kwa bei ya kutupa na mtu usiyemjua, wengi kwa mara moja, mwache. Zebaki ya wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita inaumiza ubongo zaidi kuliko homoni ila kwa mjamzito ni muhimu: inajikusanya kwa samaki mkubwa mzee anayekula wenzake, yaani sangara mkubwa. Dagaa na sato wako chini kwenye huo mnyororo, hivyo dagaa wako endelea nao, ila waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili mpaka maji yawe meupe, maana kuna wauzaji wanapulizia dawa ya wadudu kwenye magunia yao stoo, mtu akikuuzia dagaa wananukia dawa usichukue hata kwa nusu bei.

Na kitu kimoja nakuomba ukiangalie leo nyumbani: chupa au dumu lolote lililowahi kubeba dawa ya pamba au ya nyanya likatumiwa kuwekea mafuta ya kula, maziwa au maji. Hakuna kuosha kunakolitosha. Litoboe usije ukampa mwingine, wala usilichome, plastiki ikiungua inatoa dayoksini, sumu nyingine inayovuruga homoni, na moshi ule unatua kwenye mboga na majani ya ng'ombe, halafu unarudi kwenye maziwa.

Nimeacha mdogo wako mwisho kwa sababu kati ya watu wote wa nyumba yako, yeye ndiye ninayemhofia. Miezi minne ya mimba, shamba la nyanya. Anachokula ni kidogo sana ukilinganisha na anachovuta na kinachopita kwenye ngozi yake shambani. Asipulizie, asichanganye dawa, asioshe bomba, asifue nguo za anayepulizia, na asiingie kupunguza matawi au kuchuma kwenye shamba lililopigwa dawa asubuhi hiyo hata kama kibarua kinalipa vizuri. Kama hawezi kuacha kazi kabisa, na najua maisha yalivyo, aombe kazi ya kupanga na kupaki mbali na shamba, avae shati la mikono mirefu na buti, anawe kwa sabuni kabla ya kula chochote, na nguo za shamba azivue nje zisiingie ndani alipo mtoto. Kliniki amwambie nesi wazi kwamba anafanya kazi kwenye shamba la dawa, iandikwe kwenye kadi yake. Achukue vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, atumie chumvi yenye madini joto maana thairoidi yake inahitaji iyodini kuliko wakati wowote. Na akijifungua anyonyeshe, mtu asimtishe kwamba maziwa yake yana dawa, faida ya maziwa ya mama iko juu mno ya hicho kiasi. Mwenye shamba akikataa kumbadilishia kazi, nenda naye wewe mwenyewe kwa afisa kilimo wa kata, umweleze mbele yake.